Kuvu ndani ya mbegu ya nyasi: adui wa ng'ombe, mlinzi wa kiwanja

Katika duka la pembejeo nchini Marekani unaweza kukuta mifuko miwili ya mbegu za nyasi ya jamii moja kwenye rafu moja, na kila mmoja unajisifu kwa kile ambacho mwenzake unakikana. Mmoja unatangaza kwamba mbegu zake zina kuvu hai ndani yake. Wa pili unatangaza kwamba hazina kuvu hata chembe. Pembeni kuna wa tatu, ghali kuliko yote, ambao una kuvu lakini unasisitiza kwamba si ile ya kawaida. Mtu aliyekuja kutafuta mbegu za malisho tu ana haki ya kuuliza anauziwa nini.

Anauziwa viumbe wawili kwa bei moja. Kama mchanganyiko huo ni neema au balaa, hilo linategemea nani atazila nyasi hizo, au kama zitaliwa kabisa.

Kuvu yenyewe ni ya jenasi Epichloë. Wataalamu wanaiweka katika kundi la endofaiti, viumbe wanaoishi ndani ya mmea bila mmea kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Wenyeji wake wakuu ni nyasi za nchi zenye baridi, hasa feskyu ndefu na raigrasi ya kudumu, ambazo ndizo malisho ya mamilioni ya ng'ombe na kondoo, na ndizo hizohizo zinazofunika bustani na viwanja vya michezo. Ukiutazama mmea wenye kuvu na usio nayo kwa macho, hutaona tofauti. Majani ni ya kijani vilevile, mashuke ni yaleyale. Inabidi uchune ngozi nyembamba ya ala ya jani, uitie rangi na kuiweka chini ya hadubini. Hapo ndipo utaona nyuzi za kuvu zikipita kati ya seli na seli, bila kuingia ndani ya seli hata moja.

Kuvu nyingi hukua kwa ncha ya uzi tu. Hii ina ustadi wake: uzi wake huweza kurefuka pia kwenye sehemu za kati, kwa mwendo uleule ambao jani linarefuka, kwa hiyo haukatiki jani linaponyooka. Nyasi inapotoa shina la maua, kuvu hupanda nalo mpaka kwenye ua, na kutoka hapo hutulia ndani ya mbegu. Hiyo ndiyo njia yake ya kwenda kizazi kijacho katika nyasi hizi mbili. Haipeperushwi na upepo, wala chavua haiibebi. Shamba lisilo na kuvu haliambukizwi na shamba la jirani kwa kukaribiana; ni mbegu za jirani tu, zikibebwa na maji, na hei au na kinyesi cha ng'ombe, ndizo zinazoweza kuileta. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani ni ugonjwa unaotibika kwa dawa ya kunyunyizia. Siyo. Mmea ulizaliwa nayo, na utakufa nayo.

Mpangaji huyu anapewa sukari na nafasi, naye kodi yake anailipa kwa kemikali. Kuna makundi manne ya alkaloidi ambayo kuvu hizi hutengeneza, na ukiyaelewa hayo, ile mifuko mitatu ya dukani inaanza kueleweka. Peramini na lolini kazi yake ni kuwafukuza au kuwaua wadudu, na mifugo haipati madhara ya maana kutokana nazo. Ergovalini ni ndugu wa sumu za egoti, ile kuvu nyeusi ya shayiri na ngano ya rai iliyowahi kuwatesa watu wa Ulaya. Hii hubana mishipa ya damu. Lolitremi B huvuruga neva na misuli. Si kila kuvu hutengeneza zote. Ile ya kawaida ya feskyu hutoa ergovalini, peramini na lolini. Ile ya kawaida ya raigrasi hutoa ergovalini, peramini na lolitremi B. Na ndani ya kila spishi ya kuvu kuna nasaba nyingi, kila moja na mchanganyiko wake.

Sasa twende Kentucky. Mwaka 1931, E. N. Fergus, mtaalamu wa mazao wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alikwenda Kaunti ya Menifee kuwa jaji wa mashindano ya asali ya mtama. Akiwa huko akaambiwa kuhusu nyasi ya ajabu kwenye shamba la William Suiter, iliyoshika mlima na kubaki kijani wakati nyingine zimekauka. Alichukua mbegu, akazijaribu kwa miaka, na mwaka 1943 chuo kikatoa aina hiyo kwa wakulima kwa jina la Kentucky 31, kwa kukumbuka mwaka ilipopatikana. Ilikuwa nyasi ambayo kila mkulima wa kusini-mashariki mwa Marekani alikuwa akiiota: inavumilia ukame, kukanyagwa, udongo mchovu na mlishaji mzembe. Ilienea mpaka ikafunika takriban ekari milioni 35.

Shida ilikuwa kwamba ng'ombe hawakuipenda kama wakulima walivyoipenda. Wakati wa kiangazi walisimama ndani ya mabwawa wakihema, mate yakiwadondoka, manyoya ya baridi yakiwa bado hayajapukutika mwilini katikati ya joto. Hawakunenepa. Mitamba haikushika mimba vizuri, maziwa yalipungua. Wakati wa baridi baadhi yao walichechemea, kisha kwato, ncha za masikio na ncha za mikia zikafa na kukatika, kwa sababu damu haikufika huko. Majike wa farasi walibeba mimba kupita miezi yao 11, wakazaa watoto wakubwa, wengi wakiwa wafu, na kondo la nyuma likiwa nene kupita kiasi. Waliozaa salama hawakuwa na maziwa. Wapimaji waliichunguza nyasi maabara wakaikuta ina protini na virutubisho vya kutosha. Kwa vipimo vya karatasi, ilikuwa malisho bora.

Kitendawili hicho kilikaa miongo mitatu. Kilianza kufunguka katika miaka ya 1970 karibu na mji wa Mansfield, Georgia, kwenye malisho mawili ya mfugaji mmoja: ng'ombe wa upande mmoja walikuwa wagonjwa, wa upande mwingine wazima, na nyasi ni ileile. Charles Bacon na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipochukua sampuli, walikuta kuvu katika mimea yote ya malisho mabaya na katika mimea michache tu ya yale mazuri. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1977. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, wakalisha maksai kwenye nyasi zenye kuvu na zisizo nayo, na wale wa nyasi safi wakaongezeka uzito kwa kasi iliyokaribia mara mbili. Mwaka 1986 ergovalini ilitajwa kuwa ndiyo mtuhumiwa mkuu.

Upande wa pili wa dunia, New Zealand ilikuwa na kesi yake. Huko kondoo waliokuwa wakila raigrasi mwishoni mwa kiangazi walikuwa wakipepesuka. Kondoo akiachwa apumzike anaonekana mzima. Mbwa akimkimbiza kidogo, shingo inaanza kutetemeka, miguu inakakamaa, anaanguka. Baada ya dakika chache anainuka na kuendelea kula. Wengi waliokufa hawakuuawa na sumu yenyewe. Walitumbukia mtoni au mtaroni. Mwaka 1981 hali hiyo ilihusishwa na kuvu ya raigrasi, na lolitremi B ikatambuliwa. Sumu hiyo hujaa zaidi chini kabisa, kwenye ala za majani karibu na ardhi, ndiyo maana malisho yaliyoliwa mpaka kwenye visiki huwa hatari kuliko yale marefu.

Suluhisho likaonekana rahisi: toa kuvu. Na kuitoa hakuhitaji utaalamu mkubwa, kwa sababu kuvu iliyomo ndani ya mbegu hufa mapema kuliko mbegu. Weka mbegu ghalani mwaka mmoja au miwili kwenye joto la kawaida, kuvu itakufa na mbegu bado itaota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbegu za feskyu zisizo na kuvu ziliingia sokoni Marekani kwa shangwe. Ng'ombe walinenepa. Kisha ukaja ukame, na malisho mengi yakatoweka. Nyasi isiyo na kuvu ilikuwa laini na tamu, lakini haikuwa tena ile nyasi ya mlima wa Suiter. Wafugaji waliozoea kuiacha ijitunze waliipoteza ndani ya misimu michache. Wapo waliorudi kupanda Kentucky 31, wakijua kabisa ina nini.

New Zealand jibu lilikuja haraka zaidi, na lilikuwa na miguu sita. Kuna fukusi wa shina anayetokea Ajentina, ambaye lava wake hutoboa machipukizi ya raigrasi na kuyaua. Mwaka 1982 watafiti huko walionyesha kwamba raigrasi yenye kuvu ndiyo iliyokuwa ikimstahimili, na ile safi ndiyo iliyokuwa ikiliwa. Wakulima walijikuta kati ya moto na maji: kondoo wanaoanguka, au malisho yasiyokuwepo.

Hapa ndipo naona somo la sayansi hii lilipo zuri zaidi, kuliko hata ugunduzi wa mwanzo. Kwa miaka kadhaa kila mtu aliuliza swali la ndiyo au hapana, kuvu iwepo au isiwepo, ilhali kila jibu lilikuwa na hasara. Swali lenye manufaa lilikuwa kuvu ipi. Peramini, inayomfukuza fukusi, ilikuwa kitu tofauti na lolitremi B, inayomwangusha kondoo. Ikiwa zinatengenezwa kwa njia mbili tofauti, basi huenda kuna nasaba mahali fulani inayotengeneza moja bila nyingine.

Watafiti wa New Zealand, wakiwemo wa taasisi iliyokuja kuitwa AgResearch, walikusanya nyasi za mwituni na kuchuja kuvu zilizomo kwa kuangalia kemikali zake. Nasaba iliyofaa ikishapatikana, huoteshwa maabara. Kisha mche mchanga usio na kuvu, wenye umri wa siku chache, hupasuliwa kidogo kwenye kitovu cha ukuaji na chembe ya kuvu kuingizwa kwenye jeraha. Miche mingi hukataa. Inayokubali hukua ikiwa na mgeni mpya, na kuanzia hapo mbegu zake zinambeba bila msaada wa mtu. Jeni za nyasi na za kuvu haziguswi. Kinachobadilishwa ni nani anaishi na nani.

Ndivyo ilivyopatikana AR1 ya raigrasi, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ina peramini, haina lolitremi B wala ergovalini. Ikafuata AR37, ambayo haina yoyote kati ya hizo tatu, bali kemikali zake nyingine, na huwazuia wadudu wengi zaidi, akiwemo mbawakawa mweusi ambaye kwao ni kusini mwa Afrika na sasa anatafuna mizizi New Zealand. AR37 inaweza bado kumpepesusha kondoo wakati mwingine, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko kuvu ya zamani. Wakulima wengi wameona biashara hiyo inalipa. Marekani, Joe Bouton wa Chuo Kikuu cha Georgia alishirikiana na watu wa New Zealand kuweka nasaba isiyo na ergovalini ndani ya feskyu iitwayo Jesup, ikauzwa kuanzia mwaka 2000 kwa jina la MaxQ. Huo ndio mfuko wa tatu, ule wa ghali.

Tatizo la mfuko huo ni kwamba shamba tayari lina mwenyewe. Kentucky 31 haiondoki kwa kulimwa mara moja. Inabidi kuizuia isizae mbegu, kuipiga dawa ya kuua magugu, kupanda zao jingine la msimu mmoja, kuipiga tena, ndipo upande mpya. Ukiacha mbegu za zamani udongoni, au ukilisha hei yenye mbegu zake juu ya malisho mapya, sumu inarudi kimyakimya, na kwa macho huwezi kuibaini. Kwa mfugaji mwenye milima yenye mawe ambako trekta haifiki, ushauri huo hautekelezeki, naye hubaki na njia za kupunguza makali: kuchanganya malisho na klova nyekundu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde ambao una kemikali inayosaidia kulegeza mishipa ya damu, kukata mashuke kabla hayajakomaa kwa sababu ergovalini hujaa humo, kutozidisha mbolea ya naitrojeni, maana huipandisha sumu, na kuwaondoa majike wa farasi kwenye feskyu miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuzaa.

Kwa nyasi za bustani na viwanja hesabu inageuka. Hakuna ng'ombe. Ikiwa nyasi italiwa na viwavi na fukusi peke yao, basi sumu zaidi ni sifa. Mwaka 1983 kundi la C. Reed Funk wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, lilionyesha kwamba aina za raigrasi zilizokuwa zikistahimili viwavi wa nyasi zilikuwa ni zile zenye kuvu. Tangu hapo kampuni za mbegu za viwanja zimekuwa zikiitafuta kuvu na kuitangaza kwenye mfuko. Inasaidia dhidi ya wadudu wanaokula majani na mashina. Kwa funza weupe wanaokula mizizi, msaada ni mdogo. Na nyasi nyingine maarufu ya bustani za Marekani, Poa pratensis, kwa kawaida haina kuvu hii, hivyo mchanganyiko wa mbegu unaoitwa wenye endofaiti unaweza kuwa nayo katika nusu tu ya mbegu zake.

New Zealand wamelifikisha wazo hilo mbali zaidi. Chini ya jina la Avanex wameuza nyasi zenye nasaba zilizochaguliwa makusudi kwa ukali wake, zipandwe kandokando ya njia za kurukia ndege. Ndege hai akila anajisikia vibaya na kujifunza kutorudi. Wadudu nao wanapungua, hivyo hata ndege anayekula wadudu hana la kufuata pale. Lengo ni kwamba injini za ndege za abiria zisikutane na makundi ya bata bukini.

Kwa hiyo mbegu nzuri kabisa ya uwanja wa gofu inaweza kuwa mbegu mbaya kabisa ya zizi. Anayenunua mbegu za bustani kwa bei ya punguzo akazimwaga malishoni, au anayewapa farasi majani yaliyokatwa uwanjani, anaweza kuwaletea mifugo wake ugonjwa uleule wa Kentucky.

Ugonjwa huo umeshawahi hata kusafiri kwa meli. Bonde la Willamette katika jimbo la Oregon ni kitovu cha uzalishaji wa mbegu za nyasi duniani. Baada ya mavuno hubaki mabua mengi, ambayo zamani yalichomwa moto shambani. Sheria za moshi zilipobana, mabua yakafungwa marobota na kuuzwa Japani na Korea kama chakula cha ng'ombe. Lakini mashamba hayo mengi yalikuwa ya mbegu za viwanja, zenye kuvu kwa makusudi. Ng'ombe waliugua ng'ambo ya Pasifiki, na leo Chuo Kikuu cha Oregon State kina maabara inayopima ergovalini na lolitremi B katika mabua kabla hayajapakiwa. Viwango vinavyoleta madhara huhesabiwa kwa sehemu mia chache za ergovalini kwa bilioni.

Upimaji wa mbegu una mtego wake. Njia ya haraka ni kulainisha mbegu, kuitia rangi na kuhesabu ngapi zina nyuzi za kuvu. Lakini kuvu iliyokufa inashika rangi sawasawa na iliyo hai. Ili kujua kama ipo hai ni lazima mbegu zioteshwe, miche ikue wiki kadhaa, ndipo ipimwe. Kampuni makini huhifadhi mbegu zenye nasaba mpya kwenye ghala baridi na kavu, karibu na nyuzijoto 5, na kiwango kinachokubalika sokoni kwa mbegu za aina hiyo ni angalau asilimia 70 ziwe na kuvu iliyo hai.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tuna haja ya kuhofu? Kwa malisho yetu ya kawaida, hapana. Nyasi za Rhodes, mabingobingo, brachiaria, nyasi za Kikuyu na hata ile ya Pemba inayofunika nyua za pwani ni za ukoo wa nchi zenye joto, na Epichloë si mgeni wao. Zina kuvu na bakteria wao wengine wa ndani, na watafiti wa Nairobi wamekuwa wakichunguza wale wa brachiaria, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Afrika Kusini ndiko kuna nyasi ya asili yenye kuvu ya jamii hii, Melica decumbens, ambayo Makaburu waliiita dronkgras, nyasi ya ulevi, kwa jinsi inavyowayumbisha punda na ng'ombe.

Anayepaswa kuwa macho ni yule anayeagiza raigrasi au feskyu kutoka nje kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa kwenye nyanda za baridi, au kwa ajili ya uwanja. Kontena linalokaa wiki nyingi kwenye joto na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam, kisha mbegu zikalala ghalani msimu mzima, ni mazingira yanayoiua kuvu. Ikiwa ilikuwa ya sumu, umepona bila kujua. Ikiwa ulilipia nasaba mpya, umebaki na nyasi tupu isiyo na ulinzi uliolipia, huku kibandiko kikiendelea kuutangaza. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mbegu zilivunwa lini, zilihifadhiwa katika joto gani, kuvu iliyomo ni nasaba ipi, na kama kipimo alicho nacho kilihesabu kuvu hai kwenye miche iliyooteshwa au kilitia mbegu rangi tu.